Dume Anapoitwa: Aprili ya Bata Mzinga katika Vilima vya Missouri

Katika maisha ya bata mzinga wa mwituni, jike ndiye anayemwendea dume. Alfajiri za majira ya machipuko dume hupiga mlio akiwa bado juu ya mti alikolala, kisha hutua chini, hujitunisha manyoya, hutandaza mkia na kusubiri. Majike humsikia, nao huja kwa wakati wao. Mwindaji aliyeketi chini ya mwaloni na kijisanduku cha mbao mkononi anataka jambo lililo kinyume kabisa na desturi hiyo. Anataka dume aache kusubiri, atembee mita mia mbili msituni kumtafuta jike asiyemwona. Ugumu wote wa uwindaji huu, na utamu wake pia, umo humo.

Msomaji wa Arusha au Nakuru anamjua bata mzinga wa bandani: mzito, mweupe au mwenye mabaka, anayenunuliwa Desemba na ambaye ni nadra kupaa zaidi ya ukuta wa ua. Huyo asili yake ni Mexico, ambako wenyeji walimfuga karne nyingi kabla Wahispania hawajampeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16. Ndugu yake anayeishi katika misitu ya Marekani ni ndege mwingine kwa tabia. Manyoya yake ni ya rangi ya shaba, na jua likimpiga yanatoa kijani na dhahabu. Dume mzima ana kilo 7 hadi 11, lakini uzito huo haumzuii kupaa ghafla na kuruka kwa kasi inayozidi kilomita 80 kwa saa, ingawa si mbali. Usiku hulala juu ya miti mirefu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, hivyo akigeuza shingo kidogo tu ameshaona pande zote. Rangi anazitofautisha vizuri, na kitu kikitikisika ukingoni mwa msitu hakimpiti. Pua ndiyo dhaifu. Wawindaji wa huko husema kwamba kama angejaliwa pua ya kulungu, hakuna ambaye angempata.

Jimbo la Missouri, katikati ya Marekani, ni mahali pazuri pa kuutazama uwindaji huu kwa karibu. Kusini mwake kuna vilima vya Ozark, nchi ya mialoni, mihikori na misonobari, yenye mabonde membamba na vijito vya maji baridi. Msimu wa machipuko hufunguliwa Jumatatu iliyo karibu zaidi na Aprili 21 na kudumu wiki tatu. Mwindaji mwenye kibali haruhusiwi zaidi ya ndege wawili kwa msimu mzima, na katika wiki ya kwanza ni mmoja tu. Sharti ni kwamba ndege huyo awe na ndevu, yaani kile kishungi cha nywele ngumu kinachoota kifuani. Wapo majike wachache wenye ndevu, lakini kwa kawaida sharti hilo linamaanisha dume.

Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Milio ya madume hupanda mara mbili katika msimu. Mara ya kwanza ni pale makundi ya majira ya baridi yanapovunjika na madume kuanza kushindania majike. Mara ya pili huja wiki kadhaa baadaye, majike wengi wanapokuwa wamekwisha pandwa na kuanza kuatamia. Jike hutaga yai moja kwa siku mpaka yafike kama 10 au 12, kisha huyalalia siku 28 chini, majanini, mahali ambapo hata mtu akipita hatua tatu kutoka kwake huenda asimwone. Dume hana kazi yoyote katika malezi. Anaachwa mpweke, damu bado inamchemka, na hapo ndipo anapokuwa tayari kutembea. Missouri iliuweka msimu wake uangukie kipindi hicho cha pili. Mwindaji anapata dume anayeitikia, na kiota kimekwisha kuwa na mayai yaliyorutubishwa.

Kazi yenyewe huanza gizani. Mwindaji hufika kabla ya saa kumi na moja, huegesha gari mbali, na kupanda mgongo wa kilima bila tochi ikiwezekana. Ndege wa kwanza wanapoanza kulia, huiga sauti ya bundi. Dume aliyeko mtini, akisikia bundi, kunguru, au hata radi, mara nyingi hushindwa kujizuia na kujibu kwa mlio mkali unaoporomoka bondeni. Hajui kwamba amejitaja alipo. Mwindaji husogea taratibu mpaka abakiwe na mita mia au mia na hamsini, huchagua mti mpana kuliko mabega yake, huketi na kuuegemea, magoti juu, bunduki ya marisau juu ya goti, uso na mikono vimefunikwa kwa kitambaa cha mabakamabaka. Kuanzia hapo hata mbu akimuuma hamfukuzi.

Kijisanduku cha kuitia ni kitu rahisi kukitazama na kigumu kukipiga. Ni kisanduku chembamba cha mbao kinachotoshea kiganja, chenye kuta nyembamba na kifuniko kilichofungwa kwa skrubu moja upande mmoja. Ubavu wa chini wa kifuniko hupakwa chaki. Kikisuguliwa polepole juu ya ukingo wa kisanduku hutoa sauti ya jike: milio mitano au sita mifupi, ya kwanza nyembamba, inayofuata ikikwaruza. Henry Gibson wa mji wa Dardanelle, Arkansas, alipata hataza ya kijisanduku cha aina hiyo mwaka 1897. Wengine hutumia kibamba cha jiwe na kijiti, na wengine kiwambo cha mpira kinachobanwa kwenye kaakaa, ambacho kinaiacha mikono yote miwili huru kwa ajili ya bunduki. Kabla ya hayo yote wenyeji wa asili wa Marekani walikuwa wakifyonza hewa kupitia mifupa ya bawa la bata mzinga jike, na mafundi wa mifupa hiyo wapo hadi leo.

Anayeanza huita kupita kiasi. Dume akisikia jike anayeita bila kukoma huamini kuwa jike huyo ana haja kubwa, basi hukaa palepale kumsubiri, kama asili yake inavyomwagiza. Mwenye uzoefu huita mara moja, akajibiwa, akanyamaza. Robo saa inapita, nusu saa inapita. Ukimya huo ndio unaomsumbua dume, naye huanza kuja, hatua tatu, kusimama, kutazama, hatua nyingine mbili. Mara nyingi husikika kabla ya kuonekana. Mbali na ule mlio mkubwa ana mngurumo wa chini sana, unaosikika kifuani zaidi kuliko masikioni. Kisha kichwa hutokeza nyuma ya gogo. Kichwa hicho hakina manyoya, na rangi yake hubadilika kadiri hisia zinavyobadilika: paji jeupe, mashavu ya buluu, shingo nyekundu kama damu. Juu ya mdomo huning'inia kijinyama laini ambacho hurefuka anapojitamba na kunywea anaposhtuka. Kikinywea, mwindaji amebakiwa na sekunde chache.

Risasi hulengwa kichwani na shingoni, kwa umbali usiozidi mita 35 hivi. Kifua cha ndege huyu ni kinene, na marisau yanayompiga mwilini yanaweza kumjeruhi akaenda kufia kichakani. Wawindaji wanaojiheshimu huona ni bora dume aondoke salama kuliko kumpiga kwa kubahatisha, na mtu asiyekubali hilo hafai kupewa kibali. Wapo siku hizi wanaotumia marisau ya tangisteni, mazito kuliko risasi ya kawaida, wakajisifu kupiga mbali zaidi. Lakini uwindaji huu ulijengwa juu ya kumshawishi ndege asogee, na anayempiga mita 60 amekwepa sehemu iliyo ngumu.

Kuna hatari ambayo haipo katika uwindaji mwingi. Hapa kila mtu amejificha, kila mtu anaiga sauti ya mnyama anayewindwa, na wote wana silaha. Ndiyo maana mafunzo ya usalama yanakataza kuvaa chochote chekundu, cheupe au cha buluu, hata soksi inayochungulia chini ya suruali, kwa sababu hizo ndizo rangi za kichwa cha dume. Mwindaji hafundishwi kuunyatia mlio. Hufundishwa kukaa na kuita, kwani mlio unaounyatia unaweza kuwa wa mtu. Akimwona mwenzake anakuja hampungii mkono, humpigia kelele kwa sauti ya kibinadamu. Na akishampata ndege wake humfunga kitambaa cha rangi ya chungwa kali kabla ya kumbeba begani. Sheria ya Missouri inamtaka pia aripoti ndege huyo kabla ya saa nne usiku wa siku hiyohiyo. Kwa ripoti hizo jimbo linajua, kaunti kwa kaunti, ni wangapi wameondolewa.

Mambo hayakuwa hivi zamani. Kufikia 1813 bata mzinga alikuwa ametoweka Connecticut. Misitu ilikatwa kwa mashamba na mbao, na wawindaji wa biashara waliwaua majira yote, madume kwa majike, wakiuza nyama mijini. Ilipofika 1920 alikuwa ameisha katika majimbo 18 kati ya 39 aliyokuwa akiishi. Katika miaka ya 1930 inakadiriwa walibaki kama 200,000 nchi nzima, wengi wao wakiwa katika vinamasi na milima ambako shoka na barabara havikufika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Missouri yote ilikuwa na ndege wasiofika 2,500.

Jimbo lilijaribu kwanza njia iliyoonekana ya mkato. Lilifuga bata mzinga kwenye mabanda na kuwaachia msituni kwa maelfu. Hawakudumu. Sababu ilielezwa vizuri mwaka 1944 na Starker Leopold, mtoto wa mwanamazingira mashuhuri Aldo Leopold, baada ya kuwachunguza ndege wa Ozark. Aliwalinganisha wa mwituni, wa kufugwa na machotara wao, akakuta tofauti za kurithi mpaka ndani ya mwili: ubongo wa ndege wa mwituni ulikuwa mkubwa zaidi kwa uwiano, na vivyo hivyo baadhi ya tezi zake. Machotara walianza kuzaana mapema mno, baridi ikiwa haijaisha, na vifaranga wao hawakuwa na ule wepesi wa kuganda kimya mama anapotoa ishara ya hatari. Ukali wa mwituni, kwa maneno mengine, haufundishwi kwa kumfungulia ndege mlango wa banda.

Dawa ilikuwa kuwakamata ndege wa mwituni wenyewe na kuwahamisha, na hilo lilikuwa tatizo, kwa kuwa hawaingii mtegoni kirahisi. Mwaka 1951, katika Msitu wa Kitaifa wa Francis Marion huko South Carolina, mtaalamu Duff Holbrook alitumia wavu unaorushwa kwa baruti, uliokuwa ukitumika kukamatia ndege wa majini. Wavu hukunjwa na kufichwa chini ya majani, mahindi humwagwa mbele yake kwa siku kadhaa mpaka kundi lizoee kuja, na mtu aliyejificha kibandani husubiri mpaka ndege wote wainamishe vichwa kula. Kisha hubonyeza swichi. Missouri ilianza kuwakamata na kuwahamisha mwaka 1954, katika eneo la Peck Ranch ndani ya Ozark.

Mwaka 1960 jimbo lilithubutu kufungua msimu wa kwanza wa kisasa, wa siku chache na katika kaunti chache. Wakapatikana ndege 94. Mwaka 2004, baada ya robo karne ya kuhamisha makundi kutoka kaunti moja hadi nyingine, wawindaji wa Missouri walipata zaidi ya 60,000 katika msimu mmoja wa machipuko. Majimbo mengine yalikwenda njia hiyohiyo. Vermont ililetewa ndege 31 kutoka New York kati ya 1969 na 1970, na leo ina makumi ya maelfu. Mnyama aliyekuwa karibu kutoweka akawa hata fedha ya kubadilishana: Kentucky ilitafuta fisi-maji huko Louisiana ikawapa Missouri, nayo ikapewa bata mzinga wa kurudishia misitu yake.

Gharama ya kazi hii ililipwa kwa sehemu kubwa na wawindaji wenyewe. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 iliuelekeza ushuru wa bunduki ndefu na risasi, ambao sasa ni asilimia 11, kwenda kwa idara za wanyamapori za majimbo, pamoja na sharti kwamba fedha za leseni za uwindaji zisihamishiwe matumizi mengine. Mwaka 1973 likaanzishwa Shirikisho la Kitaifa la Bata Mzinga wa Mwituni, ambalo makao yake yako Edgefield, South Carolina. Wakati huo ndege hawa walikuwa kama milioni 1.3, mwanzoni mwa karne hii walikaribia milioni 7, katika majimbo yote isipokuwa Alaska. Kwa msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, hesabu hiyo inaweza kuleta ubishi. Mtanzania, ambaye nchi yake bado inatoa vibali vya uwindaji na kutegemea mapato yake katika mapori ya akiba, ataona mambo anayoyajua. Kila nchi ina historia yake na wanyama wake. Ila kwa ndege huyu mmoja, ushahidi uko wazi kwamba fedha za leseni, utafiti wa kweli na sheria inayomlinda jike vilimrudisha.

Wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, wakiwemo maelfu ya Wakongo wanaoishi Louisville na miji mingine ya katikati ya Marekani, huwaona ndege hawa pembezoni mwa barabara kuu mwezi Aprili: dume mmoja amejitunisha shambani, majike watano wanadonoa bila kumjali. Ni rahisi kudhani wako wengi na watakuwapo siku zote.

Sivyo. Tangu miaka kumi na kitu iliyopita idadi yao imeshuka katika majimbo mengi ya Kusini na ya katikati, Missouri ikiwemo. Tatizo halionekani kwa madume wanaopigwa risasi bali kwa vifaranga wasiotokea. Viota vingi huliwa na rakuni, oposamu na nyoka kabla mayai hayajaanguliwa. Kifaranga aliyeanguliwa hawezi kuruka kwa wiki mbili hivi za mwanzo, na katika siku hizo anahitaji wadudu wengi na nyasi za kumfunika lakini zisizomzuia kupita. Mashamba makubwa yaliyolimwa mpaka ukingoni hayana nyasi hizo. Misitu iliyoachwa ikafunga kwa kivuli, bila moto wa kuisafisha, haina pia. Mvua baridi za Mei humaliza wengine. Wapo wanaochunguza dawa za wadudu zinazopakwa kwenye mbegu, na wapo wanaochunguza virusi. Hakuna chanzo kimoja cha kubebeshwa lawama zote.

Mjadala mkali zaidi umekuwa juu ya kalenda. Mike Chamberlain, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia aliyewafunga vifaa vya GPS mamia ya ndege hawa, ametahadharisha kuwa kumuua dume mkuu wa kundi kabla majike hawajapandwa huenda kunavuruga mpangilio mzima, kwa sababu majike huchagua, na dume waliyemchagua akitoweka huchelewa kutaga. Majimbo yaliyokuwa yakifungua msimu Machi yalisikiliza. Georgia mwaka 2022 ilisogeza ufunguzi mbele hadi Aprili na kupunguza kiwango kutoka ndege watatu hadi wawili. Tennessee ilifanya vivyo hivyo mwaka 2023, kwa kuchelewesha wiki mbili. Baadaye utafiti uliofanywa huko Tennessee haukuona kwamba ucheleweshaji huo uliongeza mafanikio ya viota, na wapo wawindaji walioudaka haraka kudai siku zao zirudishwe.

Dai hilo halina uzito wa kutosha. Utafiti wa eneo moja, katika miaka michache, haufuti mantiki ambayo Missouri imeifuata tangu 1960: mchukue dume baada ya kazi yake kuisha. Mwindaji anayesubiri mpaka mwisho wa Aprili hapotezi kitu kikubwa. Anapata madume wapweke wanaoitikia vizuri zaidi, na msitu wenye majani ya kumficha. Kinachobaki kuwa kigumu, na ambacho hakiwezi kutatuliwa na kalenda, ni makazi: nani atachoma nyasi kwa utaratibu, nani ataacha ukanda wa majani kandokando ya soya, nani atakata miti michache ili mwanga ufike chini. Sehemu kubwa ya ardhi ya Missouri ni mali ya watu binafsi, na idara ya uhifadhi haiwezi kuwaamuru. Inaweza kuwashauri, kuwalipia sehemu ya gharama, na kuwaonyesha shamba la jirani aliyekwisha jaribu.

Msimu ukifungwa Mei, hesabu inayofuata hufanywa bila bunduki. Kuanzia Juni hadi Agosti wafanyakazi wa idara na wananchi wanaojitolea huandika kila jike wanayemwona barabarani na mashambani, na ana vifaranga wangapi, kazi ambayo Missouri imeifanya kila mwaka tangu 1959. Kitu kinachotafutwa ni uwiano: vifaranga wawili kwa kila jike ni mwaka mzuri. Miaka kadhaa ya karibuni uwiano huo umekuwa kama kifaranga mmoja, na namba hiyo ndiyo inayowekwa mezani viwango vya msimu unaofuata vinapojadiliwa.